Pasi Juu ya Kompyuta

9 Februari

Mwanangu Kifungo,

Hujambo huko uliko? Hapa sote wazima, ukiuondoa mgongo wangu, na huo umeshakuwa mpangaji asiyehama. Kaka yako na mkewe wanakusalimu sana. Binti yao ameingia darasa la tano na amerefuka ghafla, magauni niliyomshonea juzijuzi yamekuwa blauzi.

Usishtuke kupata barua. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo, na sasa mtu akinipigia namsikia kama yuko ndani ya pipa. Dereva wa lori la mizigo amekubali kuwa posta wetu, anasema karakana yenu iko njiani kwake. Halafu ukweli ni kwamba kwenye simu una haraka mno. Nikiuliza kazi vipi, unasema nzuri, mara unaniuliza kama mvua imenyesha. Kwenye barua huna pa kukimbilia.

Sasa sikiliza. Mama yako amenunua kompyuta! Ile mashine ya kudarizi iliyokuwa inalala chini ya shuka haiwezi kufanya kazi bila kompyuta ya kuipelekea michoro, na shule ya msingi imenipa masweta ya watoto wote niyatie nembo. Nimesubiri kazi kama hii tangu nikushonee sare yako ya kwanza. Sikutaka kukuuliza kwanza, nilitaka nikushangaze. Nikasema mwanangu ni fundi wa hayo mambo, nami nijue kitu kimoja bila kushikwa mkono.

Nimeinunua kwenye duka jipya karibu na stendi. Mwenye duka ana maneno matamu, nikamwambia maneno aweke kabatini anipe kitu nikione. Akasema hizi si mtumba, zimekarabatiwa. Mimi nikaikagua ninavyokagua nguo. Nikaifungua na kuifunga kama kitabu, nikaigeuza, nikapitisha kidole kwenye kona zote, nikanusa. Kifungo, ungeona kazi ile! Vitufe vimesuguliwa mpaka kwenye mianya, skrubu zote zimekaa sawa, hakuna hata moja iliyochubuliwa kichwa. Nikajiambia aliyemalizia kazi namna hii hawezi kuwa tapeli. Nikalipa.

Shule nayo imenunua kompyuta za kujaza chumba kizima kutoka duka hilohilo. Walikata utepe, mwalimu mkuu akahutubia, mtoto wa kaka yako akashika kipanya mbele ya wageni kama bibi harusi aliyeshika maua. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo.

Niandikie, na usiandike kuhusu mvua.

Mama yako


17 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimepokea barua yako, nimecheka kuhusu mpangaji wa mgongoni, halafu nikaacha kucheka. Mimi mzima. Kazi ipo.

Mama, una fundi wa kompyuta uliyemzaa mwenyewe, unakwendaje kuuziwa mbuzi kwenye gunia? Haya, imeshapita. Ila kompyuta iliyokarabatiwa haikaguliwi kwa nje. Ule ung'aavu ni kazi ya kitambaa na spiriti tu, hata mimi nikipewa mchana mmoja nakung'arishia sufuria bovu ulipeleke harusini. Mtu anatakiwa kuuliza ya ndani: diski imefanya kazi muda gani, betri ni ya lini, nani alikuwa nayo kabla. Nyingine bado zina kufuli la kampuni ya zamani, siku moja wenyewe wanazifunga wakiwa mbali na kila ulichokiweka ndani kinabaki humohumo. Na dhamana iwe ya maandishi na muhuri. Dhamana ya mdomo inaishia mlangoni kwa muuzaji.

Hebu igeuze tena. Chini kuna kibandiko cha kijani chenye alama ya tiki? Nijibu hilo kabla ya jambo lolote. Pia usiiweke kwenye chaja ukiwa umelala, na isikae juu ya vitambaa. Nakuomba, Mama.

Msalimie kaka na wifi. Mtoto mwambie shangazi yake anamwonea fahari.

Huko jua kali?

Binti yako,
Kifungo


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimeona umeniuliza jua badala ya mvua. Umejitahidi.

Kibandiko kipo! Cha kijani, na tiki yake. Umejuaje? Nilimwonyesha Mama Pacha, msaidizi wangu, nikamwambia unaona, mwanangu yuko mbali na bado anajua kilicho chini ya kompyuta yangu. Kumbe ni alama inayojulikana mpaka huko kwenu, basi roho yangu imetulia.

Kazi inakwenda. Nembo ya kwanza ilitoka imepinda, ndege wa shule akaonekana anaumwa tumbo. Ya pili ikakaa. Sasa nusu ya masweta yamekamilika, na mwalimu mkuu alipita akasema kama nikimaliza kabla ya muhula ujao kufunguliwa, kazi ya shule zote za kata ataniombea yeye mwenyewe. Nimepiga moyo konde, nashona mchana na nadarizi jioni.

Kuna kitu kimoja kidogo. Siku hizi haifungi vizuri, imevimba tumboni, ukiiweka mezani inayumba kama kiti kibovu. Nilidhani ni unyevu. Usiwe na wasiwasi, najua dawa ya kitu kilichovimba. Kola ikigoma kulala unaibana. Nimeifunga, nimeilaza kwenye meza ya kukatia, nikaweka majora mawili ya kitambaa juu yake na pasi ya mkaa juu ya majora, ikiwa baridi, mimi si mjinga. Kila siku nikimaliza kazi naibana hivyo. Mama Pacha anasema imeshaanza kunyooka.

Kula vizuri. Ukija hapa umekonda nitakushonea nguo za mtoto.

Mama yako


6 Machi

Mama,

Shikamoo. Ondoa pasi. Ondoa majora. Kilichovimba ni betri, na betri iliyovimba haibanwi, inawaka. Usiichaji tena, usiiwashe. Itoe nje, iweke chini kwenye mchanga, mbali na ukuta, na mtu asiiguse.

Nimempigia jirani muuza vyombo tangu nilipopata barua yako, simu yake imezimwa. Za kaka na wifi hazipatikani. Dereva nimemkuta amewasha injini, naandikia juu ya mguu wangu.

Ondoa pasi, Mama.

Kifungo


11 Machi

Kifungo,

Nakusalimu. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, nisamehe.

Barua yako ilifika siku moja baada ya moto. Ilikuwa jioni, nimeibana kama kawaida, nimeacha waya wa chaja umechomekwa. Nikasikia mlio kama wa mafuta yanayokaangwa, halafu moshi mweupe, halafu jora la juu likashika moto. Nilivuta vitambaa kwa mkono. Ndiyo, najua, ningetumia fimbo, lakini masweta ya watoto yalikuwa pembeni na mkono ulikwenda wenyewe. Mama Pacha akamwaga mchanga wa ndoo yote. Karakana yangu ya kushonea ipo, paa lipo, masweta mengi yapo. Kiganja cha kulia kimeungua, kimefungwa, vidole havikunji. Daktari anasema vitakunja. Sijashona tangu siku hiyo na sijui lini nitashona, na hilo linaniuma kuliko kidonda.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya mkono.

Fundi redio wa jirani aliifungua ilipopoa. Upande mmoja ni mkaa mtupu, upande wa pili mzima. Akaniita nione. Nyaya za betri zimefungwa kwa uzi. Sio utepe wa gundi, ni uzi, umepakwa nta, umezungushwa mara mbili na mkia wake umechomekwa chini kushoto. Fundi redio akasema hajawahi kuona kitu hicho ndani ya kompyuta.

Fundo hilo sikufundishwa na mtu. Nililitunga mwenyewe nilipokuwa nashona mahema, kwa sababu mafundo mengine yalikuwa yanafumuka kwenye upepo. Na nimemfundisha mtu mmoja tu.

Sikuulizi kwa hasira. Hapana, nina hasira, kwa nini nikudanganye. Lakini hata bila hasira ningekuuliza. Ulijua ulichokuwa unakifunga?

Mama


25 Machi

Kifungo,

Lori limepita mara mbili bila barua yako. Dereva anasema alikuona getini, u mzima, ulimpungia mkono ukaingia ndani. Nimeshukuru kwamba u mzima.

Sasa nikwambie yaliyoko hapa, kisha uamue mwenyewe kama utaendelea kukaa kimya kama maji mtungini.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba afunge chumba cha kompyuta. Ni mtu mzuri, alinipa kiti, alinipa chai. Lakini alikuwa amemwita mwenye duka, na mwenye duka akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema huyu mama aliipiga kompyuta pasi! Akasema hata ng'ombe ukimpiga pasi atawaka. Walimu wakacheka, na mimi ningekuwa wao ningecheka pia. Sasa mji mzima unanijua. Nikipita sokoni wananiuliza kama nina televisheni ya kunyoosha.

Nacheka nao. Usiku huwa sicheki. Kwa sababu nimekwenda kuchungulia dirishani mwa kile chumba, na kwenye safu ya nyuma nimeona mbili zimeanza kuvimba vilevile, na hizo hakuna aliyezibana kwa kitu chochote. Zimewekwa kwenye meza za mbao, chaja zimechomekwa kutwa. Dirisha lina nondo. Mlango ni mmoja. Mtoto wa kaka yako anakaa safu ya nyuma.

Nilimwonyesha mwalimu mkuu. Akaniambia kwa upole kwamba hawezi kufunga chumba alichokifungua juzi kwa utepe kwa neno la mtu aliyekosea matumizi. Anahitaji mtu anayezijua kwa ndani. Kaka yako amemtoa mtoto kwenye kipindi hicho, lakini wengine wana wazazi ambao hawajui lolote.

Kwa hiyo nimechukua kigoda changu. Kila siku kipindi cha kompyuta kinapoanza nakaa mlangoni na ndoo mbili za mchanga. Watoto wananiamkia wakiingia na kutoka. Mlinzi alijaribu kuniondoa, nikamwambia anibebe, akanitazama upana wangu akaondoka.

Nitakaa hapo mpaka mtu atoe betri zile. Sina ninachokulazimisha. Lakini mtu anayezijua kwa ndani namjua mimi.

Mama yako


30 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nauliza hali ya mkono wako, na najua sina uso wa kuuliza.

Ni mkono wangu. Fundo ni langu, skrubu ulizozisifu ni zangu, vitufe nilivisugua mimi kwa mswaki. Uliposema aliyemalizia kazi ile hawezi kuwa tapeli, nilisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko zote.

Kompyuta zinaletwa kwetu kwa marobota, zilizochoka, za maofisini. Nyingi ni nzima na zingemfaa mtu miaka, hilo lijue, kazi yenyewe si ya aibu. Shida ni betri. Zilizokufa zilitakiwa kutupwa. Tajiri, mwenye karakana, alikuwa na watu wanaozichuna ganda, wanaozivisha plastiki mpya yenye tarehe mpya, na wanaoichezea ile sehemu inayohesabu umri wake ili kompyuta iamini ni changa. Zikija mezani kwangu zinang'aa. Niliuliza mara moja kama zimepimwa. Tajiri akasema zinapimwa chumba cha pili, kabla ya kubandikwa tiki ya kijani. Nikavaa miwani ya mbao. Chumba cha pili kilikuwa hatua chache kutoka mezani kwangu na sikuwahi kukisogelea, kwa sababu sehemu fulani ya moyo wangu ilijua.

Ndiyo maana nilikuuliza kuhusu kibandiko. Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza mvua.

Barua yako ya mkono wa kushoto ilipofika nilikwenda nikafungua mlango wa chumba cha pili. Kuna mifagio, na kiti kisicho na mguu.

Ukimya wangu ulikuwa wa woga, siwezi kuupa jina jingine. Kila nikishika kalamu nilikuwa naona vidole vyako visivyokunja. Barua ya pili ndiyo iliyoniinua. Nilipokuona umekaa mlangoni na ndoo zako, peke yako, unachekwa kwa kosa langu, woga ulinitoka wote, kikabaki kitu kingine ambacho nimekirithi kwako.

Asubuhi nilisimama kwenye meza ya katikati, wenzangu wote wapo, nikachuna betri moja mbele yao. Plastiki mpya ikatoka, chini yake ikaonekana ya zamani na tarehe yake, ya kale mpaka mmoja wetu akasema wakati huo alikuwa hajaoa. Tajiri aliniita pembeni. Kwanza alinipaka mafuta, eti ananipandisha niwe msimamizi. Nilipokataa akabadilika, akaniambia nichague kufunga mdomo au kufunga virago. Nimefunga virago. Wenzangu wawili wamenifuata, mmoja anajua hospitali na vyuo vilivyouziwa mzigo uleule, ameshaanza kuwapigia simu. Tajiri anasema atahakikisha sipati kazi popote katika mji huu. Labda ataweza. Nimelia kidogo kwa hilo, siwezi kukuficha, niliipenda sana meza yangu.

Nimempigia mwalimu mkuu kwa simu ya dereva, maana yeye anayo namba yake. Akaniuliza mimi ni nani hata aniamini. Nikamwambia mimi ndiye niliyezifunga. Akasema anazima umeme wa chumba, na nije na ushahidi.

Basi barua hii itatangulia na lori la leo, mimi nafuata na lijalo. Nakuja na ile betri niliyoichuna. Nitasema mbele ya walimu, mbele ya wazazi, mbele ya mwenye duka, na kama kuna polisi nitasema mbele yao, hata ikiwa nitaondoka nao.

Ombi moja. Nikifika usinikumbatie, wala usinipe pole ya safari. Nikikumbatiwa nitalainika, na nina kazi ya kufanya kwanza. Betri zote zitoke. Baada ya hapo nifanye utakavyo.

Binti yako,
Kifungo


3 Aprili, mlangoni kwetu

Kifungo,

Karibu nyumbani, mwanangu. Karatasi hii nimemtuma mtoto wa kaka yako aje kuibandika; ukiisoma ujue nyumba haina mtu.

Mwenye duka amekuja shuleni asubuhi hii na gari. Habari zako zimemfikia. Hacheki tena, sasa anataka kuzichukua kompyuta zote na kurudisha kila kitu, kimyakimya, yaishe. Mwalimu mkuu alikaribia kukubali, na mimi nilikaribia kumshukuru. Halafu nikamuuliza yule bwana anazipeleka wapi. Akasema nisijali, kuna shule ya mji mwingine imeshazilipia.

Basi zimebaki ndani. Mimi niko mlangoni mwa kile chumba na kigoda changu. Mama Pacha yuko dirishani. Wifi yako amesimama mbele ya gari, amekunja mikono, na wazazi wengine wanazidi kuja kila dakika. Hakuna aliyeniuliza habari za pasi leo.

Ufunguo uko kwa muuza vyombo. Chakula nimekifunika mezani, kula kwanza, najua hujala. Nimesoma ombi lako la kutokukumbatiwa. Hilo tutaliona.

Ulijua ulichokuwa unakifunga, na umekuja kusema. Nina hasira bado, na kiganja kinawasha, na nimekukumbuka mpaka kifua kinaniuma. Vyote hivyo vitangoja. Mkono wangu mmoja haukunji, wewe unayo miwili. Njoo shuleni na bisibisi zako zote, usitume mtu, pita katikati ya watu kichwa juu.

Tunafumua, moja baada ya nyingine, wakiona.

Mama yako